MTUMISHI ANAPOTOA NOTISI YA KUACHA KAZI: WAJIBU WA MWAJIRI HADI SIKU YA MWISHO

Waajiri, watumishi na wakazi wote wa Kibiti na wa visiwa vya delta ya Rufiji wanaelezwa hapa utaratibu unaotakiwa kufuatwa pale mtu aliyeajiriwa anapoandika barua ya kuacha kazi. Maelezo haya yanawahusu wenye maduka, nyumba za wageni, shule na zahanati za binafsi, wanunuzi wa korosho, kaa na kamba, makandarasi, wamiliki wa vyombo vya usafiri, na kila mwenye nyumba aliyeajiri mtumishi wa nyumbani. Yanawahusu pia wakuu wa vituo vya Serikali, ingawa watumishi wa umma wana sheria yao kama itakavyoelezwa mbele.

Wengi wanafahamu kwamba mwajiri anayemwachisha mtu kazi hana budi kufuata sheria. Lakini mtu anapoondoka kwa hiari yake, hudhaniwa kwamba hana tena haki yoyote: amependa mwenyewe, basi na aende. Fikra hiyo si sahihi. Anayeacha kazi kwa hiari anazo haki zinazomfuata hadi siku ya mwisho, na mwajiri naye anazo haki zake. Aidha, katika eneo letu, ambapo kituo kizima huweza kumtegemea mtu mmoja na vyombo husafiri kwa kufuata maji kujaa na kupwa, namna mtu anavyoagwa ndiyo huamua kama kazi itaendelea kesho yake, na kama atapatikana mwingine atakayekubali kuja.

NOTISI NI HAKI, SI KOSA

Jambo la kwanza linalopaswa kueleweka ni kwamba barua ya notisi si utovu wa nidhamu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, nayo inakataza jambo hilo hilo. Mtu asiyeruhusiwa kuacha kazi hana tofauti na mtu aliyelazimishwa kuifanya.

Wazee wa Rufiji hawahitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba wakati wa utawala wa Wajerumani ni mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwezi Julai 1905 katika milima ya Matumbi, jirani zetu wa kusini. Na Kinjeketile Ngwale, ambaye dawa yake iliwaunganisha watu, alikuwa mtu wa Ngarambe, Rufiji. Baadaye, katika mashamba ya walowezi, ulikuwapo mtindo wa kipande: mfanyakazi alipewa kadi ya siku 30 za kazi, na hakulipwa ujira wake mpaka siku hizo zote zitimie. Chini ya sheria za kazi za utawala wa Waingereza, mfanyakazi aliyeondoka kabla ya kumaliza mkataba aliweza kushtakiwa kama mhalifu. Sheria za namna hiyo zimekwisha kufutwa. Hivi leo mfanyakazi aliye katika mkataba usio na ukomo haombi ruhusa ya kuacha kazi, anatoa taarifa. Kwa hiyo mwajiri anayemwambia mtumishi wake kwamba "barua yako nimeikataa" anatumia mamlaka ambayo sheria haikumpa.

MUDA WA NOTISI

Kwa mujibu wa kifungu cha 41 cha Sheria ya mwaka 2004, muda wa notisi usipungue huu ufuatao:

(a) siku 7, endapo notisi inatolewa katika mwezi wa kwanza wa ajira;
(b) siku 4 baada ya mwezi huo wa kwanza, kwa aliyeajiriwa kwa siku au kwa wiki;
(c) siku 28 baada ya mwezi huo wa kwanza, kwa aliyeajiriwa kwa mwezi.

Mwajiri na mwajiriwa waweza kukubaliana muda mrefu zaidi, lakini muda huo lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. Mkataba unaomtaka mfanyakazi atoe notisi ya miezi mitatu, ilhali mwajiri amejiwekea mwezi mmoja, haukubaliki katika sheria.

Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu ya kuacha kazi na tarehe inapotolewa. Mwajiri anapoipokea, aandike tarehe ya kupokea, atie saini na kumpa mtumishi nakala. Mtumishi wa mwezi aliyekabidhi barua yake tarehe 3 Machi, siku zikihesabiwa kuanzia kesho yake, atamaliza siku 28 tarehe 31 Machi. Tarehe hiyo ikiandikwa na kukubaliwa tangu mwanzo, ubishi mwingi huepukwa.

Notisi hairuhusiwi kutolewa wakati wa likizo, wala siku za notisi haziruhusiwi kwenda pamoja na siku za likizo. Kwa hiyo mwajiri asimwambie mtumishi: "Una siku zako 28 za likizo, hizo ndizo notisi yako." Likizo ni haki iliyokwisha kufanyiwa kazi, notisi ni muda wa kazi.

Swali huulizwa juu ya vibarua wasio na mkataba wa maandishi. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, imeweka vigezo vya kumtambua mwajiriwa. Miongoni mwa vigezo hivyo ni kwamba mtu anaelekezwa na mwingine namna na saa za kufanya kazi, au amemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au anapewa vifaa vya kazi na huyo anayemfanyia kazi. Kigezo kimoja kikitimia, mtu huyo huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hivyo mlinzi wa ghala la korosho au mpakuzi wa kaa ambaye hakuandikiwa karatasi yoyote aweza kabisa kuwa na haki ya kutoa notisi na kulipwa.

MWAJIRI AFANYE NINI SIKU ANAPOIPOKEA BARUA

Mwajiri asome barua kwa utulivu, kisha amwite mtumishi faragha na kumwuliza kwa heshima sababu ya uamuzi wake. Mazungumzo hayo si ya kumhoji mtuhumiwa. Shabaha yake ni mbili: kujua kama lipo jambo linaloweza kurekebishwa, na kupanga siku zilizobaki.

Mtumishi akiondoka kwa sababu ya mshahara mdogo, au nyumba inayovuja, au malimbikizo ya muda mrefu, hayo yatamkuta pia atakayeshika nafasi yake. Mwajiri anayependa kumbakiza mtumishi wake aweza kumpa masharti bora zaidi, lakini asimtishe wala kumrushia ahadi asizoweza kuzitimiza. Mtumishi akibadili nia na kutaka kuirudisha barua yake, jambo hilo litegemee makubaliano, na makubaliano hayo yaandikwe.

Sababu ikiwa ni hofu, mwajiri aichukue kwa uzito. Wakazi wa Kibiti hawajasahau miaka ya 2016 na 2017, wakati viongozi wa vijiji, watendaji na askari polisi walipouawa katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Mtu anayeandika kwamba anaacha kazi kwa kuogopa usalama wake hastahili kuitwa mwoga wala msaliti. Barua yake ni habari inayostahili kufika kwa wahusika, na sababu yake isitangazwe hadharani bila ridhaa yake.

SIKU ZA NOTISI NI SIKU ZA KAZI

Katika kipindi chote cha notisi, mtumishi bado ni mtumishi. Anapaswa kufika kazini kwa wakati, kutii maagizo halali na kutunza mali ya mwajiri. Mwajiri kwa upande wake anapaswa kumlipa kama kawaida na kumtendea kama alivyomtendea kabla ya barua. Mambo yafuatayo hayafai:

(a) kumnyima kazi na kumweka akae bure ili adharaulike mbele ya wenzake;
(b) kumwongezea kazi za kumkomoa, au kumhamishia kituo kigumu zaidi kwa siku chache zilizobaki;
(c) kumfukuza kwenye nyumba ya kazi kabla ya siku ya mwisho;
(d) kuzuia vyeti vyake vya shule, kitambulisho au vyombo vyake kama rehani;
(e) kutangaza kwa waajiri wengine kwamba mtu huyo hafai, kwa kuwa tu ameondoka.

Endapo mwajiri hataki mtumishi aendelee kuwapo kazini, kwa mfano kwa sababu anashika fedha au anakwenda kufanya kazi kwa mshindani wa biashara, sheria inamruhusu amlipe ujira ambao angeupata kama angefanya kazi katika muda wa notisi, kisha aondoke mara moja. Kumwondoa bila malipo hayo hakuruhusiwi.

Mwajiri naye amelindwa. Mtumishi akikataa kufanya kazi katika muda wa notisi, mwajiri aweza kukata, katika fedha anazomdai mwajiri wakati wa kuondoka, kiasi ambacho angekipata kwa siku hizo. Asikate zaidi ya hapo. Mtumishi anayetoweka bila taarifa yoyote hujiweka katika hatari kubwa zaidi, kwani kutokuwapo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano ni kosa linaloweza kumfanya afukuzwe kazi.

MAKABIDHIANO

Kazi kubwa ya siku za notisi ni makabidhiano. Waliotutangulia walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kata za delta kama vile Mbuchi, Msala, Kiongoroni, Maparoni na Salale, mtu akiondoka na ufunguo wa kabati la dawa, au akaacha daftari la mapato likiwa halijafungwa, si jambo la kutuma mtu kwa baiskeli akaulize. Itabidi kungoja chombo, na chombo kingoje maji.

Kwa hiyo ndani ya siku tatu za kwanza mwajiri na mtumishi waandike orodha ya vitu na kazi za kukabidhiana: funguo, fedha taslimu, vitabu vya stakabadhi, madaftari, mali iliyomo ghalani, vifaa, injini na mafuta ya boti, madeni ya wateja, na kazi ambazo hazijakamilika. Atakayepokea atajwe mapema. Mrithi akiwa hajapatikana, ateuliwe mtu wa kushikilia. Vitu vihesabiwe mbele ya wote wawili, na hati ya makabidhiano itiwe saini nakala tatu: moja ya anayekabidhi, moja ya anayepokea na moja ya jalada.

Hati hiyo humlinda kila mmoja. Mwajiri hujua alichoachiwa, na mtumishi hawezi kudaiwa miezi sita baadaye kitu alichokikabidhi kwa mikono yake. Lakini ikumbukwe kwamba mtumishi anayetukanwa tangu siku aliyotoa barua hana moyo wa kueleza mahali palipo na kasoro katika injini, au mteja yupi hulipa kwa kuchelewa. Maarifa ya namna hiyo hayamo katika daftari lolote. Hutolewa na mtu anayeagwa kwa heshima, na mwajiri aliyeyakosa hulazimika kuyatafuta upya kwa gharama yake.

MALIPO YA MWISHO

Kwa mujibu wa kifungu cha 44, mkataba unapofikia mwisho mwajiri alipe:

(a) ujira wa kazi yote iliyokwisha kufanywa;
(b) malipo ya likizo ya mwaka ambayo mtumishi alistahili na hakuichukua;
(c) malipo ya likizo iliyokwisha kupatikana katika mwaka wa likizo ambao haujatimia, kwa kiwango cha ujira wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi;
(d) malipo badala ya notisi, endapo mwajiri amechagua njia hiyo;
(e) nauli ya kurudi mahali alikoajiriwa, endapo anastahili.

Kiinua mgongo cha kisheria, ambacho ni ujira wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka uliotimia hadi miaka 10, kimewekwa kwa ajili ya mtu aliyeachishwa kazi na mwajiri. Anayeacha kwa hiari hakidai, isipokuwa kama mkataba wake au mkataba wa hali bora umempa haki hiyo. Vivyo hivyo, fao la kukosa ajira katika mifuko ya hifadhi ya jamii halikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyeacha kazi mwenyewe. Ni vizuri mtumishi ayajue haya kabla ya kuandika barua yake.

Mfano wa hesabu. Mtumishi analipwa shilingi 260,000 kwa mwezi na anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Ujira wake wa siku hupatikana kwa kugawa mshahara kwa 26, nao ni shilingi 10,000. Ametoa notisi na kuitumikia yote. Anadai siku 15 za kazi ambazo hazijalipwa, yaani shilingi 150,000. Katika mwaka huu wa likizo amefanya kazi siku 130. Ukigawa kwa 13 hupatikana siku 10, yaani shilingi 100,000. Jumla anadai shilingi 250,000, mbali na nauli. Kama mtu huyo angeacha kufika kazini wiki mbili kabla ya notisi kwisha, angekatwa siku 12 za kazi, yaani shilingi 120,000. Hata hapo mwajiri angebaki na deni la kumlipa. Kuzuia fedha zote kwa hasira hakuna msingi wa sheria.

Kuhusu hasara, kama vile kuharibika kwa nyavu au upungufu wa fedha, mwajiri hana ruhusa ya kukata tu anavyoona. Kifungu cha 28 kinataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mtumishi; mtumishi aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyohesabiwa; na apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Makato ya namna hiyo yasizidi hasara halisi, wala yasizidi robo ya ujira wake wa fedha.

Malipo yafanywe mkataba unapokwisha. Kumwambia mtu wa Maparoni arudi mwezi ujao kufuata fedha zake Kibiti mjini ni kumtoza nauli ya kudai haki yake. Aidha, mwajiri ahakikishe kwamba michango yote ya hifadhi ya jamii imewasilishwa hadi mwezi wa mwisho. Mchango uliokatwa katika mshahara na usifike kwenye mfuko ni deni linalomfuata mwajiri hata baada ya mtumishi kuondoka.

CHETI CHA UTUMISHI NA NAULI

Kila mtumishi anayeondoka anastahili kupewa cheti cha utumishi. Cheti hiki si zawadi ya aliyempendeza mwajiri, wala hakizuiwi kwa sababu ya ugomvi. Bila cheti hicho, mtu aliyefanya kazi miaka mingi huonekana katika ofisi mpya kana kwamba anaanza leo.

Kuhusu nauli, kifungu cha 43 kinahusu mkataba unaokwisha mahali pasipokuwa pale mtumishi alikoajiriwa. Maneno ya kifungu hicho hayabagui kama aliyeumaliza ni mwajiri au ni mwajiriwa. Mwajiri aweza kumsafirisha mtumishi pamoja na vyombo vyake, au kugharimia usafiri huo, au kumpa posho ya usafiri isiyopungua nauli ya basi hadi kituo cha basi kilicho karibu na mahali alikoajiriwa, pamoja na gharama za kujikimu kwa siku za kungojea safari.

Sheria imetaja basi, lakini delta ina mito na bahari. Mtu aliyefuatwa kisiwani akapelekwa kufanya kazi Kibiti mjini, nauli ya basi humwishia penye bandari ya Nyamisati au kabla yake. Mwajiri mwenye busara humwongezea nauli ya boti, na huandika jambo hilo katika mkataba tangu mwanzo. Vivyo hivyo kwa siku za kungojea: katika mafuriko ya mwezi Aprili 2024, maji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mtu anayekwama kwa sababu kama hiyo hajakataa kuondoka, wala asinyimwe posho ya kujikimu anayostahili.

MKATABA WA MUDA MAALUMU

Aliyeajiriwa kwa muda maalumu, kwa mfano msimu mmoja wa korosho au miaka miwili ya ujenzi, yumo katika hali tofauti. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 zinaeleza kwamba mtu huyo aweza kuondoka kabla ya muda endapo mwajiri amevunja sharti la msingi la mkataba, kama vile kutolipa ujira. Pasipo sababu hiyo, njia halali ni kukubaliana na mwajiri kuumaliza mkataba mapema. Mwajiri anashauriwa asiufanye mkataba kuwa pingu: mtu asiyetaka tena kazi huifanya vibaya, na makubaliano ya maandishi ya kuachana kwa tarehe maalumu huwafaa wote wawili.

BARUA ILIYOANDIKWA KWA KULAZIMISHWA

Si kila barua ya kuacha kazi ni ya hiari. Mwajiri anayemwekea mtumishi karatasi mbele yake na kumwambia atie saini, ama sivyo ataitiwa polisi, hajapata notisi. Amemwachisha kazi kwa mlango wa nyuma. Kanuni za mwaka 2007 zinatambua hali ambapo mwajiri ameifanya kazi isivumilike hata mtumishi akalazimika kuondoka. Mifano iliyotajwa ni unyanyasaji wa kijinsia, au kushindwa kumlinda mtumishi dhidi ya unyanyasaji huo, na kutendewa isivyo haki. Ikithibitika hivyo, kuondoka huko huhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi na mwajiri, na matokeo yake ni yale ya kuachisha kazi isivyo halali.

Mtumishi aliyemo katika hali hiyo anashauriwa atumie kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa kama ana sababu nzuri ya kutofanya hivyo, na aandike wazi katika barua yake kinachomwondoa. Barua inayosema "naacha kwa sababu zangu binafsi" ni vigumu kuigeuza baadaye.

WATUMISHI WA UMMA

Watumishi wa umma huongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, Na. 8 ya mwaka 2002, Kanuni za Utumishi wa Umma za mwaka 2022 na Kanuni za Kudumu. Walimu wa shule za umma husimamiwa pia na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Mtumishi huandika barua kwa mamlaka yake ya ajira, akiipitisha kwa mkuu wake wa kazi. Kabla ya kuandika, amwone Afisa Utumishi aelezwe muda unaotakiwa na athari zake katika mafao, mikopo na madeni.

Mkuu wa kituo aliyepitishiwa barua hiyo si mwenye mamlaka ya kuizuia. Wajibu wake ni kuweka maoni yake na kuipeleka mbele mapema. Barua ya mwalimu mkuu au ya mganga wa zahanati ikikaa mezani wiki mbili ikingoja chombo, huwa imepoteza wiki mbili za kumtafuta mrithi. Kadhalika, mtumishi anayechoshwa na kituo, siyo na utumishi, akumbushwe kwamba kuna utaratibu wa kuomba uhamisho. Asiache kazi kwa kutojua.

PENYE MGOGORO

Pande mbili zikishindwa kuelewana, Afisa Kazi aweza kutoa ushauri. Mgogoro wenyewe hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayedai kwamba amelazimishwa kuacha kazi isivyo halali awasilishe mgogoro ndani ya siku 30. Madai mengine, kama vile ujira, likizo na cheti, ndani ya siku 60. Kutoka delta hadi Kibaha, ambako Tume inahudumia Mkoa wa Pwani, ni safari ya maji na ya barabara, na siku 30 hupita upesi. Mwenye madai asingoje msimu mwingine. Mwajiri asiyekuwa na mkataba wa maandishi wala kumbukumbu za malipo aelewe kwamba mbele ya Tume ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha masharti ya ajira anayoyadai.

Wakazi wa Unguja na Pemba walioajiriwa huko hufuata Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Na. 11 ya mwaka 2005. Kibiti, Rufiji na Kisiwa cha Mafia hufuata sheria za Tanzania Bara zilizoelezwa hapa. Nambari za vifungu zilizotajwa ni za Sheria kama ilivyotungwa mwaka 2004; katika matoleo yaliyorekebishwa nambari zaweza kutofautiana, na sheria yenyewe imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Mwenye shauri mahususi apate ushauri wa Afisa Kazi kabla ya kuchukua hatua.

KWA KUMALIZIA

Mtumishi anayeondoka huangaliwa na wote wanaobaki. Wakiona kwamba mwenzao amehesabiwa haki zake, amepewa cheti na amesindikizwa bandarini na vyombo vyake, nao watatoa taarifa mapema siku yao itakapofika. Wakiona kwamba amenyimwa mshahara na kutukanwa, watajifunza kuondoka usiku, bila barua na bila kukabidhi. Habari za mwajiri wa namna hiyo hufika Nyamisati kabla ya mtu mwenyewe, na atakayetafutwa kuja kushika nafasi atakuwa amekwisha kuzisikia.

Waajiri wanaombwa kuuhifadhi ukurasa huu katika jalada la watumishi, na Watendaji wa Kata na Vijiji wanaombwa kuubandika katika mbao za matangazo ili usomwe na wote.